Lita Kumi za Barabara ya Madaba

Juni 1, 1993. Jumanne
Tajiri amenipa daftari la kurasa mia, ameniagiza niandike kila lita inayoingia kwenye pikapu. Nimeligawa mara mbili. Mbele naandika lita, kama alivyotaka. Nyuma, kuanzia ukurasa wa mwisho, naandika watu, kwa sababu lita hazijimimini zenyewe. Huku nyuma hatafika. Tajiri Abdulhamid husoma ukurasa wa kwanza wa kitu chochote, akaridhika.

Atakayeliokota daftari hili ajue kwamba mimi ni Hironimus, karani wa mizani katika ghala la Abdulhamid hapa Songea mjini. Zamani nilipima mahindi ya ushirika. Ushirika ulipoishiwa pumzi, na kila mwenye gari akaruhusiwa kununua mazao bila kibali, nilihamia kwa mtu binafsi pamoja na kalamu yangu. Ufundi wa magari sikusomea. Niliupata kwa kusimama karibu na watu wanaofungua magari, na kutoondoka nilipofukuzwa.

Juni 3
Shida yenyewe ni hii. Msimu uliopita pikapu ilikwenda Madaba kuchukua mahindi na kurudi kwa lita thelathini na tano. Msimu huu inataka arobaini na tano. Barabara ni ileile, lami tupu. Mzigo ni uleule, magunia kumi, naupima mwenyewe. Ajabu ni kwamba njia ya Nakapanya, ambako tunapeleka mahindi hayo na kurudi na mchele, njia ya mchanga na mashimo, haijaongezeka hata nusu lita.

Kwa hiyo gari linakula kwenye lami na kufunga kwenye mchanga. Tajiri anasema gari haliwezi kuwa na akili hiyo, ila dereva anaweza.

Dereva ni Bakili, mtoto wa dada yake Tajiri, kwao Nakapanya. Kwa Wayao mtoto wa dada si mtu wa kupita njia. Mjomba akizeeka, ndiye atakayesimama mahali pake. Tajiri alimlea na kumfundisha usukani. Kwa hiyo kama ameiba, hajaiba petroli tu.

Juni 5
Baridi. Magunia kumi.

Juni 8
Nimelala chini ya pikapu asubuhi nzima. Mabomba ya petroli makavu. Plagi nimezisafisha, ni nyeusi kuliko nilivyotarajia, nikadhani ni uchafu wa petroli ya siku hizi. Nimeinua gurudumu moja moja kwa jeki na kulizungusha. Yote yanazunguka, hakuna breki inayoshika.

"Baba Fortunata, shikamoo huko chini!" Sauti ya Bakili.

"Marahaba. Nani kakufundisha kumwamkia mtu aliyelala?"

"Nimeona miguu, nikajua ni ya mtu mzima. Unatafuta nini?"

"Lita kumi."

"Ukizipata tugawane."

Akaondoka akipiga mluzi. Nimeuandika mluzi huo kwa sababu mtu msafi hana haja ya kupiga mluzi. Halafu nikakumbuka kwamba amepiga mluzi tangu nimjue.

Tajiri alipopita nilimwonyesha jambo la kumfariji. Sindano ya joto imelala chini kabisa, haiinuki hata kwenye mlima. "Injini yako ni baridi kama maji ya kisima," nikamwambia. Akasema Alhamdulillahi.

Juni 12
Nimechonga kijiti cha kupimia tangi, chenye alama kila lita tano. Bakili hajui. Kila anapoegesha natumbukiza, nachomoa, nasoma. Asumpta, mke wangu, anasema nguo zangu zinanuka kama kibatari.

Juni 13. Jumapili
Kanisani. Asumpta anadai nilikuwa nahesabu kwa vidole wakati wa mahubiri.

Juni 17
Leo nimepanda naye kwenda Madaba, kwa kisingizio cha mizani mpya. Kuanzia kwenye vilima ukungu ulikuwa mzito, vidole vimekufa ganzi. Tulipofika Wino alisimama kwa mama mmoja, Evaline, anayeuza chai ya tangawizi pembeni mwa barabara. Akashuka na kuacha injini inanguruma.

"Mbona hukuzima?" nikauliza.

"Nikizima haiwaki, Baba Fortunata. Mpaka tuisukume. Huku juu inakohoa kama mvuta kiko."

Tulikaa robo saa. Evaline alimwongeza kikombe cha pili bila kuombwa. Nikaandika: mteja wa kudumu, kikombe cha bure, ua wenye madumu matatu. Madumu sikuyanusa, yalikuwa mbali. Lakini mtu mwenye siri huacha injini inanguruma ili akimbie upesi. Hivyo ndivyo nilivyowaza, nikaona nimewaza vizuri.

Kijiti jioni: tumetumia lita arobaini na tano, nami nilikuwa ndani ya gari tangu alfajiri. Nilipaswa kusimama hapo. Sikusimama. Nikasema labda alizitoa nilipokwenda kichakani kule Madaba.

Juni 24
Nimefunga mfuniko wa tangi kwa kufuli. Ufunguo ninao shingoni, pamoja na medali ya Bikira Maria.

Bakili aliliona kufuli akalishika kama mtu anayeshika sikio la mtoto.

"Haya. Babu zenu Wangoni walitufukuza kwa mikuki. Nyie mmepata kufuli."

"Ni agizo la mjomba wako."

"Mjomba hajui hata tundu la tangi liko upande gani. Hii ni akili ya msomi."

Tunataniana siku zote, yeye na mimi, kabila kwa kabila. Leo alitania bila kucheka.

Juni 26
Lita arobaini na tano. Kufuli zima.

Juni 28
Nimesikia kwamba madereva wa Makambako hunyonya petroli kwa kufungua bomba la chini, hawahitaji mfuniko. Basi kufuli halithibitishi kitu. Nimepumua.

Nikisoma sentensi hiyo sasa hivi naona ni ajabu mtu kupumua kwa sababu hiyo.

Julai 3. Jumamosi
Jana Tajiri aliniuliza, "Karani, niambie neno moja. Ni yeye au si yeye?"

Ningeweza kusema sijui. Lakini mtu aliyejitangaza fundi kwa miaka kumi, neno sijui linamkwama kooni. Nikasema, "Gari nimelipima lote, halina ugonjwa. Ugonjwa unaobaki una miguu miwili."

Nilipendezwa na maneno hayo. Leo asubuhi yamefanya kazi.

Tajiri alimwita Bakili mbele ya ghala, wapakiaji wakiwa wamesimama na magunia mgongoni. Hakupandisha sauti.

"Lete ufunguo."

"Mjomba, nimefanya nini?"

"Lita kumi kila safari, tangu msimu umeanza. Unampelekea nani?"

"Wallahi mjomba, sijachukua hata ya kuoshea mikono."

"Usiape. Karani amepima."

Bakili akanigeukia. Nilidhani atanitukana, nikajiandaa. Aliuliza tu, taratibu, "Baba Fortunata, ulipanda na mimi mpaka Madaba na kurudi. Uliniona?"

Wapakiaji wote walinitazama. Nikasema, "Mimi naona kijiti."

Akaweka ufunguo juu ya mizani yangu. Sindano haikusogea, ufunguo ni mwepesi. Akavaa kofia yake, akaenda stendi kutafuta lori la Tunduru. Mkewe Zulfa amebaki kwenye chumba chao Mfaranyaki na mtoto wa miezi minne, mpaka atakapoitwa.

Julai 5
Dereva mpya amepatikana, Edwin, mtu wa Njombe, mlokole. Hanywi, havuti, haongei.

Julai 9
Edwin amerudi kutoka Madaba. Lita arobaini na sita.

Nimechovya kijiti mara tatu. Nimekifuta, nimechovya tena. Nimemuuliza Edwin alisimama wapi. Akasema Wino, kunywa chai, bila kuzima gari, maana baridi ile ukizima haiwaki.

Julai 10
Usiku sikulala sana. Asubuhi Tajiri aliita watu wote wa ghala.

"Dereva nimebadilisha, petroli inaendelea kupotea. Basi mwizi yuko hapahapa, na Bakili alikuwa mwenzake. Ijumaa ya tarehe ishirini na tatu, baada ya swala, inasomwa Halbadiri. Aliyechukua na atubu mapema."

Halbadiri ni kisomo cha kumshitakia Mungu mwizi asiyejulikana. Anayehusika huvimba, au hupofuka, au hufa, kutegemea nani anasimulia. Wapakiaji Waislamu walitazama chini. Wakristo walijifanya haliwahusu, halafu mmoja akaja kuniuliza pembeni kama linachagua dini. Nikamwambia sina hakika, ila mimi sina wasiwasi kwa kuwa sijaiba.

Tajiri alipokuwa akisema "hapahapa" alikuwa ananitazama mimi. Mwenye ufunguo wa kufuli ni nani?

Julai 14
Goti la kushoto limevimba. Asumpta anasema niligonga kwenye ngazi ya ghala. Nakumbuka kugonga. Hata hivyo.

Julai 16
Goti limepona. Nimebaki na wiki moja.

Julai 17. Jumamosi
Leo nimekwenda Madaba tena na Edwin. Katikati yetu aliketi Mwalimu Tumsifu, anayefundisha fizikia sekondari, mtu wa Moshi, alikuwa anakwenda kumwona dada yake. Kabla hatujaenda mbali na mji alikuwa ameshajifunga khanga kichwani.

"Mzee Hironimus, hili gari halina hita?"

"Lipo mwalimu. Lifungue hapo."

Akalifungua. Akaweka mkono mbele ya tundu. Tukaenda, tukaenda, tukapita Gumbiro. Mkono bado upo.

"Linatoa barafu," akasema. "Tuna saa nzima na zaidi barabarani. Hita linachukua joto kwenye maji ya injini. Maji ya injini yako hayajapata moto?"

Nikamwonyesha sindano kwa fahari. "Injini hii haichemki hata siku moja. Angalia."

Akaangalia kwa muda mrefu, kama anasahihisha mtihani.

"Mzee, hiyo si afya. Mtu mwenye joto la mwili kama hilo tungekuwa tunamzika. Injini ikiwa baridi, petroli haiungui yote, inapita tu. Ndiyo maana dereva wako ameivuta choki mpaka sasa, inamwaga petroli zaidi ili injini isizimike."

Nikamtazama Edwin. Choki ilikuwa nje. "Nikiirudisha inakohoa," akasema Edwin, na hilo lilikuwa neno lake refu la wiki.

"Themostati ipo?" mwalimu akauliza.

Nilijidai natafuta kitu mfukoni.

Themostati ni kidude cha shaba, kama kifuniko, kinachokaa kati ya injini na rejeta. Maji yakiwa baridi kinafunga, injini ipate moto upesi. Yakichemka kinafungua. Nakijua vizuri kwa sababu Novemba iliyopita, gari lilipochemka kwenye kilima baada ya Tunduru, nilikitoa mwenyewe kwa bisibisi. Nikamwambia Bakili, tena mbele za watu, kwamba vidude hivi wazungu wameviweka kwa ajili ya theluji yao, Afrika havina kazi. Kila fundi niliyesimama karibu naye alisema hivyo na kufanya hivyo. Bakili alisema siku ile, "Basi Madaba si Afrika, kule tunavaa makoti." Watu walicheka. Nami nilicheka, kwa kuwa nilidhani ni utani. Kumbe si lami wala mchanga: ni baridi ya Madaba na joto la Nakapanya.

Julai 18. Jumapili
Sikwenda kanisani. Nimekikuta kwenye kopo la misumari. Nimeweka sufuria jikoni, nimejaza maji, nimekitumbukiza.

"Baba Fortu, unapika supu ya gari?" Asumpta.

"Nyamaza kidogo."

"Kwenye sufuria yangu ya uji?"

Maji yalipokaribia kuchemka kidude kikafunguka, taratibu, kama jicho la mtu anayeamka. Nikakitoa, kikapoa, kikafumba. Nikarudia mara nne. Kizima kabisa. Nilitoa kitu kizima, na kilichochemsha gari Novemba yawezekana ni mbegu za majani tu zilizoziba rejeta.

Asumpta aliona uso wangu. "Nani amekufa?" akauliza.

Julai 19
Nimekirudisha kidude mahali pake, ghala likiwa tupu. Sikumwambia mtu. Nimejiambia kwamba gari likipona, mambo yote yatapona.

Julai 21
Edwin amerudi kutoka Madaba. Lita thelathini na nne.

Tajiri alicheka mpaka akakaa juu ya gunia. "Umeona, karani? Kutaja tu! Kisomo hakijasomwa, mwizi ameshaogopa. Sasa najua kwa yakini. Bakili amesikia huko aliko, amewakataza wenzake." Ijumaa hakuna kisomo tena, haina haja. Ametuma salamu Nakapanya kwa dereva wa lori kwamba ushahidi umekamilika.

Nimetengeneza gari na nimemzika mtu, kwa spana moja.

Julai 22
Magunia kumi.

Julai 24
Zulfa alikuja ghalani kuchukua koti la mumewe. Hakuniamkia. Nikamuuliza habari za Nakapanya.

"Wajomba hawampi nafasi barazani," akasema. "Wakila, anakula na mama yake jikoni. Mimi kaniandikia nisiende kwanza, mtoto asije akaitwa mtoto wa mwizi." Akalikunja koti vizuri, mkono juu ya mkono. "Baba Fortunata, alikuwa anakusifu sana wewe. Anasema huyu mzee anajua magari bila kufundishwa."

Nikapima gunia lililokwisha kupimwa.

Julai 26
Nimezunguka soko lote bila kununua kitu. Nimerudi nyumbani nimeulizwa chumvi iko wapi.

Julai 28
Nimemwambia Tajiri. Nimesema yote, Novemba, bisibisi, theluji ya wazungu, sufuria.

Alinisikiliza, halafu akaniwekea mkono begani. "Una moyo mzuri, karani. Unataka kumfunika mtoto wangu aibu. Mungu akulipe."

"Tajiri, simfuniki. Ni kosa langu."

"Kipande cha shaba ukubwa wa yai kinywe lita kumi? Acha."

Niliposema uongo aliniamini kwa neno moja. Nikaona nimwambie kitu anachoweza kukikalia. "Nakitoa tena. Kesho kutwa twende Madaba, wewe ukae ndani, ufunguo wa tangi ukae mfukoni mwako."

Julai 30
Tumekwenda. Tajiri alikuwa na blanketi, sweta mbili na tasbihi. Kuanzia Gumbiro meno yake yalikuwa yanagongana. Pale Wino, Evaline alimletea chai, akasema, "Baba, yule kijana wako mcheshi yuko wapi? Nilikuwa nampa kikombe cha pili, maana alinibebea mgonjwa wangu mpaka hospitali bila kudai kitu." Tajiri akashika kikombe kwa mikono miwili.

Jioni alishika kijiti yeye mwenyewe. Lita arobaini na tano.

Alisimama pale, kijiti kinadondosha. Kisha akasema, "Mimi siwezi kwenda kumwambia mtoto wa dada yangu kwamba nilikosea. Haijawahi kuwa. Utasema wewe."

"Nitasema mimi."

"Kirudishe kidude."

Agosti 3. Nakapanya
Tumefika jana na mahindi, mimi, Tajiri na Edwin, tumebanana kebini na Zulfa na mtoto. Leo wamekaa barazani: wajomba wanne, Tajiri, na dada yake Mwamvua, mama yake Bakili, mtu wa maneno machache na macho mengi. Bakili alisimama mlangoni, si ndani wala nje.

Tajiri akasema, "Karani ana maneno," akaangalia mikeka.

Nikayasema. Huku ni joto, jasho linatiririka, na kumweleza mtu wa Nakapanya kwamba gari linasikia baridi ni kazi. Nilipomaliza, Mwamvua ndiye aliyeanza.

"Wewe ndiye uliyesema ni mwizi. Leo ni wewe unayesema si mwizi. Tukushike kwa neno lipi?"

"Hili la leo, mama. Lile nilisema nikiwa na akili nyingi."

Mjomba mmoja akakohoa kuficha kicheko. Mwamvua hakucheka. Akamgeukia kaka yake. "Abdulhamid, nawe ulimwona mwanangu kwa kijiti?"

Tajiri alisogea tu kwenye mkeka, kidogo, nafasi ya mtu mmoja ikapatikana kando yake. Bakili aliiangalia nafasi ile muda mrefu sana. Kisha akavua viatu, akaingia, akakaa. Chakula kilipoletwa mjomba wake huyo alimkatia nyama kwanza.

Mimi hakunitazama.

Agosti 5. Njiani
Tajiri amebaki kwa dada yake wiki moja. Edwin ameomba kazi Masasi kwenye joto, amepata. Ufunguo ameshika Bakili.

Asubuhi tulipakia mchele. Zulfa na mtoto waliingia kebini, akafuata Mwamvua, anayekwenda Songea kukaa na mjukuu. Nami nilishika mlango kwa mazoea.

"Baba Fortunata," Bakili akasema, "wewe ni mtu wa mizani. Kaa na magunia."

Ni adabu aliyoitumia, hata shikamoo alinipa kwanza. Nikapanda juu. Barabara ya Tunduru nimeiandika mara nyingi humu, lakini siku zote nilikuwa nyuma ya kioo. Huku juu inaandikwa kwenye mbavu. Vumbi limeingia masikioni, mdomoni, kwenye daftari. Abiria wa juu wana haki yao: ukichoka, unagonga paa la kebini, dereva anasimama. Tunduru sikugonga. Matemanga sikugonga. Kwenye mashimo baada ya Matemanga mkono wangu uliinuka, nikaurudisha.

Tulipofika Namtumbo, Bakili alisimama mwenyewe. Akashuka, akazunguka, akapiga kila gurudumu teke moja. Kisha akainua uso. Nilikuwa mwekundu kama tofali bichi. Alinitazama, na mdomo wake upande mmoja ulitaka kufanya kitu, ukaacha.

"Baba Fortunata, bado upo?"

"Nipo."

"Haya, twende," akasema, akarudi kwenye usukani.